Jiwe Lililonuka Hadi Karatu

Vijana wa boti, siku ile mliponiaga kwa soda na wali wa nazi mlisema, Mzee Paskali, ukifika kwenu utuandikie kazi ulivyoianza, maana sisi tumekukuta tu. Nikaitikia, kama mtu anavyoitikia akiwa ameshiba. Sasa nipo Buger, mahindi yameshavunwa, mvua bado, na visingizio vimeniishia. Mnajua shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Someni kama mnavyonisikiliza nikisonga ugali.

Hapa kijijini wananiita Mlinzi wa Mawe. Walisikia nimepata kazi pwani, nalinda mawe yaliyo ndani ya maji, wakacheka sana. Jirani yangu mmoja aliniuliza mawe ya Buger yana kasoro gani hata hayapati mlinzi. Nikacheka naye, maana hata mimi nilidhani ni mawe. Habari yangu yote inaanzia hapo.

Nilikuwa mpishi wa kambi za watalii, Karatu. Asubuhi chai na mayai, halafu lanchi boksi za kwenda nazo Kreta, jioni supu ya maboga. Akaja mama mmoja Mchaga, Mama Eliaichi, mtaalamu wa mambo ya bahari, amekuja kuona tembo kama watu wengine. Siku ya pili aliwaacha wenzake kwenye meza ya vitambaa, akaja jikoni kula ugali na maharage yetu wafanyakazi. Akaniambia kule pwani kwenye hifadhi wana kambi ya utafiti na mpishi wao amewakimbia. Nikamuuliza alikimbia nini. Akasema upweke. Mimi nimelelewa nikichunga mbuzi peke yangu kwenye makorongo, upweke naujua, nikafunga mzigo. Kuogelea sikujua, wala sikuulizwa.

Miezi mitatu ya kwanza nilikaa nchi kavu na masufuria yangu. Bahari niliitazama kama ng'ombe wa mtu mwingine. Siku maji yakitoka nilikuwa nashuka kutembea juu ya mwamba, na viatu vyangu vya matairi, kwakwakwa, nikisikia vitu vinavunjika chini kama vijiti. Nilifurahia ule mlio. Nawaambieni haya ninyi mnaowagombeza watalii kwa kukanyaga.

Likizo yangu ya kwanza ilipofika nikafikiri nimpelekee mama nini. Samaki angeoza njiani. Nikaona pale mwambani jiwe zuri, duara, ukubwa wa kichwa cha ndama, lina mikunjo mikunjo rangi ya kahawia. Nikaligonga na shoka la kuni likang'oka. Nikalitia kwenye kiroba, nikapanda basi alfajiri.

Tulipofika Korogwe abiria wakaanza kufungua madirisha. Mombo kondakta akapita anainama chini ya viti. Kulikuwa na mama ana dagaa wake kwenye ndoo, basi zima likamgeukia yeye, na yule mama akawa anaapa kwamba dagaa wake ni wakavu na hawajamkosea mtu. Mimi nimekaa na kiroba miguuni, nimeangalia milima. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema. Ile harufu ilikuwa ya mzoga, tena mzoga wa kitu kigeni, na maji ya rangi ya chai yalianza kutoka kwenye kiroba kufuata mtelemko wa basi. Ndipo nikashikwa. Jiwe likapandishwa juu kwenye keria na mimi nikaomba radhi viti vyote, kimoja kimoja, nikimalizia na mama wa dagaa.

Mama yangu alifungua kile kiroba uani akarudi nyuma hatua tatu. "Umetoka mbali kote huko," akasema kwa Kiiraqw, "uniletee maiti?" Tukalimwagia maji, tukaliacha juani juma zima, mbwa wote wa Buger wakaja kulisalimia. Likawa jeupe kama mfupa, harufu ikaisha. Kwetu upepo ni mkali na mlango wa mama ulikuwa hautulii, unapiga pwaa, pwaa, kutwa. Akaliweka pale. Mlango ukatulia. Kila aliyekuja aliambiwa hilo jiwe limeletwa na mwanangu kutoka baharini.

Niliporudi kazini nikamuuliza nahodha wetu, Mzee Makame, Mungu amrehemu, kwa nini mawe ya huku yanaoza. Alicheka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla akaniuliza, "Umelitoa wapi?" Nikamwonyesha. Pale palikuwa na kovu jeupe. Hakunigombeza. Alinivalisha kioo chake cha kutazamia chini, akanishika ukosi kama mtoto anayeogeshwa, akanitumbukiza uso majini kando ya boti. "Tazama vizuri, weye mtu wa bara. Lile si jiwe, ni mji. Kila kitundu pale kina mtu wake."

Hapo ndipo nilipoajiriwa kuwa mlinzi, kwa maoni yangu, ingawa barua inasema tarehe nyingine. Nikaona mikono midogo midogo imetoka kwenye vitundu, inachezacheza, inakula. Matumbawe ni wanyama. Nilikuwa nimebeba kijiji kizima kwenye kiroba, nikakiua njiani.

Kuogelea nilifundishwa na Mzee Makame kwa kamba, amenifunga kiunoni. Mama Eliaichi akanifundisha kuhesabu: unatandaza tepu chini, unafuata, unaandika kila kilicho chini yake. Majina ya kitaalamu yalinishinda, nikayapa yangu. Hii kabichi, hii pembe za swala, hii ubongo. Nilificha karatasi zangu kwa aibu mpaka siku alipozikuta, akaniambia wenzake wa huko nje nao wanayaita hivyohivyo kwa lugha yao. Nikajua utaalamu ni kuchungulia kwa muda mrefu, basi.

Kuna mambo mtu wa kwetu anayaelewa haraka. Nilipoona samaki pono wanaguguna mwamba, kru kru kru, unawasikia kabisa ukiwa chini ya maji, nikasema hawa ni ng'ombe. Wanakula mwani. Wakivuliwa wote mwani unaota kama magugu, na tumbawe mchanga anakosa mahali pa kukaa. Na mto ulipomwaga maji mekundu baada ya mvua kubwa, udongo ukalala juu ya mwamba kama blanketi, nikajua huko juu kuna mtu amelima mtelemko bila makinga maji. Kule Qurus, jirani na kwetu, nimeona shamba zima likiondoka namna hiyo kwa masika moja. Tulikuwa tunauliza udongo umetoka wapi, hatuulizi unakwenda wapi.

Mwaka ule maji yalipopata joto, matumbawe yakapauka, sitaurefusha. Mama Eliaichi alieleza kwamba ndani ya kila tumbawe kuna vimea vidogo vinavyompikia chakula na kumpa rangi, na joto likizidi wanaachana. Mwamba wote ukawa mweupe kama jiwe la mama. Mzee Makame alizima mashine tukainamia ukingo wa boti kutazama chini. Joto hukamati ukalipeleka kwa mwenyekiti. Tulichoweza ni kumpunguzia mgonjwa mizigo mingine: nanga tukaacha kutupa, tukafunga maboya, juya la kukokota tukalifukuza. Mengine yalipona, mengine hayakupona.

Sasa Bi Mwanaidi. Ninyi mmemjua akiwa mwenyekiti wa kamati, anawapa mihogo. Mimi nilimjua akiwa adui. Alikuwa mkubwa wa wanawake wavua pweza, na alikuwa na mtaimbo. Maji yakitoka alikwenda mwambani, akatia mtaimbo kwenye pango la pweza, akabinua. Pweza alitoka, na pango likatoka pia. Nilimkataza mara ngapi. Aliniitikia kwa jina la kabila langu, "Sawa, Mbulu," akaendelea. Ila si kwamba alikuwa mkaidi bure. Wajukuu wanne alikuwa akiwalea peke yake kwa pweza, na pweza wenyewe walishakuwa wadogo, kama ngumi ya mtoto. Siku nyingine alirudi na wawili.

Mama Eliaichi akaleta shauri kwamba kipande kimoja cha mwamba kifungwe miezi mitatu. Pweza hukua upesi, wakiachwa watakuwa wakubwa, na pale pasipokanyagwa hata mawe yatapumua. Kikao kilikuwa kirefu. Bi Mwanaidi alisimama akauliza jambo moja tu. "Hiyo miezi mitatu, wajukuu zangu nao mtawafunga midomo?" Akakaa. Kikao kikaishia hapo, maana kipande chenyewe kilikuwa kile anachovua yeye, na bila yeye wanawake wengine wasingekubali.

Mimi nikakumbuka Malambo. Utotoni nilifika huko na baba kununua mbuzi. Wamasai wa kule wana malisho wanayoyafunga, wanayaita alalili. Nyasi zipo, ng'ombe wana njaa, na hakuna anayeingiza mguu mpaka kiangazi kikali, na hapo wanaanza ndama na wagonjwa. Nikamwambia Mama Eliaichi, huyu mama hatatuamini sisi wenye mshahara, labda atamwamini mwenye njaa mwenzake. Ofisi ilichukua karibu mwaka kukubali, ikatoa gari na nafasi sita.

Watu wa pwani na baridi ya Karatu, nyie. Wote sita walishuka na khanga na kanzu nyepesi, meno yanagongana, wakauliza kama haya ndiyo maisha yetu au tumekosea njia. Bi Mwanaidi alinunua shuka tatu za Kimasai akazivaa zote kwa pamoja. "Sasa nimekuelewa, Mbulu," akasema. "Mtu aliyekulia hapa lazima awe na roho ngumu."

Sasa isingewezekana nipite na wageni karibu na kwetu nisiwafikishe kwa mama. Tukapinda Buger. Mama alikuwa amepika maziwa na viazi, amevaa gauni la kanisani. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini wale wawili walishikana mikono muda mrefu. Kila mmoja akawa anamwonea mwenzake huruma kwa maumivu ya miguu. Halafu nikamwona Bi Mwanaidi ametulia. Anatazama chini ya mlango.

Nilikuwa nimelisahau. Nawaapia. Miaka yote ile ya kuandikia watu onyo, lile jiwe lilikuwa limekaa pale, na mimi nikija likizo naliruka tu kama kizingiti.

Mama akaona mgeni anatazama, akaona fahari. Akaligusa kwa mguu. "Bahari," akasema. "Paskali."

Bi Mwanaidi alikunywa maziwa yake, akashukuru, akamsifu mama kwa viazi. Mbele ya mzazi wangu hakutamka kitu. Lakini kutoka Buger, kupita geti, kupanda msitu, kuizunguka Kreta mpaka tukashuka kwenye vumbi la kwenda Malambo, hakunisemesha hata neno. Wenzake walipiga picha twiga. Yeye alitazama mbele. Mimi nilikuwa nawaza kwamba kazi yangu imekwisha, na mwamba pia umekwisha, kwa sababu ya mlango.

Malambo tulipokelewa na Mzee Lemayan, mwenyekiti wa malisho yao. Akatutembeza. Upande huu vumbi na ng'ombe wenye mbavu, upande huu nyasi za magotini, na katikati hakuna uzio wala kamba. Nilimweleza habari za mwamba. Alisikiliza, akauliza, "Na ng'ombe wa huko ni nani?" Nikamwambia pono. Akakubali kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa ukoo anaoujua.

Bi Mwanaidi naye akauliza la kwake. Je, mtu akiwa na njaa usiku na nyasi hizi anaziona, nani anamzuia?

Mzee Lemayan alizielekeza zile nyasi kwa fimbo. Akasema mwaka mmoja wa ukame yeye mwenyewe, akiwa hivyo hivyo mwenyekiti, aliingiza ng'ombe wake. Aliona watakufa. Vijana wakakuta nyayo. Wakamwita, akasimama mbele ya rika lake na watoto wake akasema ni mimi, akatoa mtamba wake mzuri kuliko wote, akachinjwa, nyama ikaliwa huku mwenyewe amekaa hapohapo. "Hiyo nyama nilikula kidogo," akasema. "Haikushuka. Lakini nisingelipa mimi, nani angelinda tena?"

Pale ndipo Bi Mwanaidi akanigeukia. Shuka tatu, vumbi kichwani.

"Umesikia, Mbulu?"

"Nimesikia, Bi Mwanaidi."

"Basi na wewe lipa. Lile jiwe ulichukue kwa mama yako, ulilete kijijini, uwaambie watu wote. Ukilipa wewe, mimi nafunga. Usipolipa, nisikuone tena mwambani na makaratasi yako."

Mama Eliaichi, tuliyekuwa naye safarini, aliangalia viatu vyake. Nikasema nitalipa.

Kumwambia mama ilikuwa ngumu kuliko kuwaambia mabosi. Tuliporudi Buger nilimweleza kwa Kiiraqw jiwe lile lilikuwa nini na kwa nini inanipasa kuondoka nalo. Alisikiliza, akasema siku ile kwenye kiroba yeye alishasema ni maiti, na mimi nikabisha. Akanikabidhi. Tulipoondoka nilisikia mlango nyuma yetu, pwaa, pwaa. Bi Mwanaidi naye alisikia. Aligeuka kutazama.

Kikao cha kijiji kilijaa, maana habari ilitutangulia. Nikaweka jiwe mezani. Nikasimulia yote, shoka, kiroba, Korogwe, mama wa dagaa. Nilitegemea matusi. Walianza kucheka nilipofika kwenye kuomba radhi viti vyote, na hawakuacha. Mzee Makame alilia machozi, ingawa yeye alikuwa akiijua miaka yote ile na hakumwambia mtu. Meneja wetu hakucheka, aliniandikia barua ya onyo, na nilistahili. Ninayo hapa, nimeihifadhi kuliko vyeti.

Kicheko kilipotulia Bi Mwanaidi akasimama. "Mwenye kosa ameonekana," akasema. "Sasa tufunge."

Ile miezi mitatu, vijana, isikieni tu. Aliuza maandazi, akachota maji ya watu, akasuka makuti. Mwezi wa pili mkwe wake alikutwa mwambani na pweza wawili kwenye mfuko. Watu wakamtazama mama mkwe atafanyaje. Akamleta mwenyewe kikaoni, akamsimamisha nilipokuwa nimesimama mimi, aseme. Mwisho wa mwezi wa tatu alikuwa amekonda, mtaimbo wake bado uko nyuma ya nyumba, na nilijua kama tumemdanganya, kesho yake atauchukua, na nisingekuwa na mdomo wa kumkataza.

Siku ya kufungua ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali kabisa. Wanawake walishuka kwa pamoja. Bi Mwanaidi alikwenda na kijiti cha mti, si mtaimbo, ndiyo yalikuwa masharti. Alichungulia pango lake la zamani, akachokoa taratibu. Nikaona mgongo wake umekaza, anavuta, akateleza akakaa kwenye maji, akainuka na pweza amemzunguka mkono mpaka begani. Hakuweza kumbeba kwa mkono mmoja. Pango lilibaki zima. Alinitazama kwa mbali, akamwinua kidogo, kama mtu anayeonyesha risiti.

Jioni alikuja kambini jikoni kwangu. Ameshika mtaimbo. Nikadhani amekuja kuniambia ataanza kuuvulia tena. Akauegemeza kwenye meza yangu ya vitunguu.

"Mpelekee mama yako," akasema. "Mlango wake usikae bila kitu."

Jiwe tulilishusha baharini na Mzee Makame, karibu na boya la tatu. Siku yangu ya mwisho ya kazi, ninyi mkidhani nimekwenda kukagua kamba, nilikwenda kuliangalia. Limekuwa kijani, lina vishimo vya meno ya pono. Na upande wa juu, kwenye mkunjo mmoja, kuna tumbawe mchanga amekaa, mkubwa kama kifungo cha shati. Msimsogelee sana. Mkimtazama mtazameni kutoka kwenye boti, na nanga msitupe.

Nawashukuru ninyi, na Mama Eliaichi aliyekula maharage yangu, na yule mama wa dagaa popote alipo. Mama yangu bado yupo, macho tu ndiyo yanapungua. Sasa hivi naandika upepo umeanza, na mtaimbo umesimama palepale, ncha yake kwenye udongo, kichwa chake kwenye ubao wa mlango. Wageni wakiuliza chuma hiki kimetoka wapi, mama hamtaji mwanawe. Anasema ni cha rafiki yake.